Kuzunguka Ziwa la Msituni kwa Baiskeli

Wengi wetu tunajua kupanda baiskeli. Tunakwenda nayo sokoni, shambani na zahanati. Lakini kujua kupanda ni jambo moja, na kuiendesha kwenye njia inayobadilikabadilika ni jambo jingine. Lami inakwisha, changarawe inaanza. Changarawe inakwisha, linakuja daraja lenye utelezi. Mtu anaendesha vile vile tu kama alivyoanza, na mara yuko chini na mzigo wake.

Leo tunaeleza habari za njia moja ya namna hiyo. Iko Uingereza, upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Uskoti. Inazunguka ziwa liitwalo Kielder Water. Tamka "Kilda". Urefu wake ni kama kilomita 42, na unaishia pale pale ulipoanzia. Tangu mwaka 2010 wakimbiaji wa marathoni nao wanashindana humo. Mwendesha baiskeli wa kawaida huchukua saa nne au tano, akipumzika njiani.

ZIWA LENYEWE

Ziwa hili halikuwako zamani. Palikuwa na bonde la mto, na watu walikaa humo wakifuga na kulima. Viwanda vya chuma na vya kemikali vya kaskazini mwa Uingereza vilihitaji maji mengi, basi serikali ikaamua mto ufungwe. Boma la kuzuia maji lilimalizika mwaka 1981, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua mwaka 1982. Maji yaliyomo, ziwa likijaa, ni lita bilioni 200. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Ukichota kwa debe la lita 20, ni madebe bilioni 10.

Mashamba kadhaa na shule moja vilikwenda chini ya maji. Njia ya reli ya zamani nayo ilizama sehemu yake. Na viwanda vile vilivyoombewa maji? Baadaye kazi ya chuma ilipungua, wala havikuyahitaji maji kama ilivyokadiriwa. Siku hizi watu wanakwenda huko kupumzika, kuvua samaki na kuendesha baiskeli. Si vibaya. Lakini sisi tunaona ni haki anayepita juu ajue kilichoko chini.

Msitu nao ulipandwa na watu. Kazi ilianza miaka ya 1920, na leo ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyopandwa Uingereza. Miti mingi humo ni ya jamii ya misonobari, na mbegu yake asili yake ni pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Wanyama wadogo waitwao kindi wekundu, ambao sehemu nyingi za nchi ile wamekwisha, hapa bado wapo kwa wingi.

NJIA INAVYOKWENDA

Tuanze kwenye boma la maji. Juu yake imepita barabara ya lami, urefu zaidi ya kilomita moja, tambarare kabisa. Hapa baiskeli inateleza yenyewe. Huko wanashika mkono wa kushoto kama kwetu, na magari yanapita, hivyo usitangetange katikati. Kitu cha kuangalia ni upepo. Juu ya boma hakuna mti wa kuuzuia, na upepo wa ubavuni unaweza kukusukuma hatua nzima. Inama kidogo, shika usukani kwa mikono miwili.

Ukivuka boma unaingia ukingo wa kaskazini. Hapa ndipo penyewe. Karibu nusu nzima ya safari hakuna duka, hakuna nyumba za watu, na simu mara nyingi hazishiki. Ukipata pancha ni juu yako. Ukikatika mnyororo unasukuma. Wenye akili huondoka na pampu, viraka na gundi, tyubu moja ya akiba, spana, maji na chakula. Tena hukagua breki kabla ya kuondoka, si baada ya kufika kwenye mteremko.

Njia ya upande huu ni ya mawe yaliyopondwa na kushindiliwa. Ikiwa kavu ni nzuri. Lakini pale kwenye kona na miteremko, vokoto vidogo hutoka na kukaa juu, vikitembea chini ya tairi kama punje za mahindi juu ya sakafu. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na sababu yake ni hii. Tairi hupita kwa kushikana na ardhi. Ukikamata breki ya mbele ghafula juu ya vokoto, gurudumu la mbele linaacha kuzunguka, linateleza, na ukishateleza mbele huna tena usukani. Breki ya nyuma ikiteleza, mara nyingi bado unaweza kujizuia. Kwa hiyo punguza mwendo KABLA ya kona, wakati bado unakwenda moja kwa moja. Ukiingia kwenye kona, achia breki, pinda polepole, na tazama kule unakokwenda. Ukitazama jiwe, utaligonga hilo hilo jiwe. Hili si uganga. Mikono hufuata macho.

Kwenye kupanda, mambo ni kinyume. Mtu akichoka husimama juu ya pedali. Kwenye lami hakuna neno. Kwenye changarawe, ukisimama uzito unakwenda mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na linazunguka bure. Basi kaa kitini, inama mbele kidogo, kanyaga kwa nguvu zilizo sawa. Ikishindikana, shuka utembee. Hakuna aibu.

Upepo wa tairi nao una maneno. Tairi lililojazwa mpaka likawa gumu kama jiwe linakwenda vizuri kwenye lami, lakini kwenye mawe linadundadunda. Likipunguzwa kidogo linashika vizuri zaidi. Tunasema kidogo. Likilegea sana, ringi itagonga jiwe na tyubu itatoboka matundu mawili kwa mpigo mmoja.

Mbele, penye kichwa cha ziwa, kuna daraja la mawe lililojengwa mwaka 1862 kwa ajili ya treni. Treni zilikoma miaka ya 1950, na daraja likabaki. Kijiji cha Kielder kiko karibu, na hapo unaweza kupumzika. Kisha unarudi kwa ukingo wa kusini, wenye watu wengi na vilima vifupi vifupi vya kuchosha, maana njia inaingia na kutoka kufuata kila ghuba.

Njia hii si ya baiskeli peke yake. Wako wenye miguu, watoto, mbwa, na watu waliopanda farasi. Farasi hushtuka kama ng'ombe anavyoshtuka akipitwa kwa nyuma kimya kimya. Piga kelele ya salamu ukiwa bado mbali, punguza mwendo, mpe nafasi. Kengele ya karibu sana humshtua zaidi.

Wakati wa joto kuna visubi wengi pembeni mwa maji. Hawaleti malaria huko, ila wanauma hasa, na anayesimama kuziba pancha jioni atalijua hilo.

Wakati mwingine njia hufungwa. Mwezi Novemba 2021 tufani iliyopewa jina Arwen iliangusha miti mingi mno katika msitu huu. Mti uliolala kwa kuegemea mwenzake ni mtego: ukiguswa unaweza kuruka au kubingirika. Ukikuta kibao cha kukataza, geuka, hata kama zimebaki kilomita mbili tu.

Ukimaliza mzunguko, vumbi la mawe litakuwa limeingia kwenye mnyororo. Vumbi hilo na mafuta yakichanganyika yanakuwa kama msasa, yanakula meno ya gurudumu kidogo kidogo. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo utie mafuta ya mashine, tone kwa tone, na ufute yanayozidi. Mafuta ya kupikia yasitumike. Yanaganda na kukusanya vumbi jingine.