Uzito wa Uzi Uliolegezwa

Jioni moja hapa Buswelu, Mwanza, upepo wa ziwa ulipoanza kupanda baina ya majabali na kupoza kuta zilizoshinda juani, kijana wa jirani alinikuta nikisikiliza santuri ya Master of Reality ya kundi la Black Sabbath la Uingereza, naye baada ya kuniamkia shikamoo na kuketi kwa adabu akaniuliza kwa nini muziki huu unajikokota kama lori lililopakia kupita kiasi, ilhali alipousikia katika simu yake haukuwa na uzito wowote. Nilimwitikia marahaba, nikamjibu kwa maneno machache; lakini swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile, nalo ndilo ninaloliandika leo.

Santuri hiyo ilitolewa Julai 1971, na kutoka kwayo, zaidi ya nyingine yoyote kwa rai yangu, zilichimbuka aina mbili za roki nzito: duumu metali, ambayo jina lake lina maana ya kiama, na stona metali, iliyopewa jina la wavuta bangi, na wimbo wa kwanza wa santuri, Sweet Leaf, ulilisifu jani lao. Bangi mimi siisifu, wala sioni kuwa muziki huu unaihitaji ili ufahamike.

Asili ya uzito wake ni msiba wa kazini. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi hilo, alipokuwa na umri wa miaka 17 alikatwa na mashine ya kiwanda cha mabati mjini Birmingham ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye ni mtu wa shoto, mkono huo ndio uliokuwa wa kubania nyuzi. Msimamizi wake wa kazi alimsikilizisha santuri ya Django Reinhardt, fundi wa gitaa ambaye moto ulikuwa umemlemaza vidole viwili. Iommi akapata moyo, akayeyusha chupa ya plastiki, akajifanyia vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na ilipowadia zamu ya santuri ya 1971 akazilegeza nyuzi zile kwa hatua moja na nusu ili zisimtese.

Sasa na tutazame kilichotokea, maana hapa ndipo elimu ilipo. Uzi mnene wa gitaa, ukikazwa kwa desturi, hutetema takriban mara 82 kwa sekunde. Uliolegezwa na Iommi hutetema takriban mara 69, na mvutano wake umepungua kwa asilimia 29 hivi, kwa hiyo huyumba kwa upana zaidi na sauti yake hukaa chini zaidi. Tena mpigaji hapigi uzi huo peke yake, bali hupiga sauti mbili kwa pamoja, ya mzizi na ya tano juu yake, akizipitisha katika amplifaya iliyofunguliwa kupita uwezo wake hata sauti ikagwaruza. Na amplifaya iliyolemewa namna hiyo huzaa sauti nyingine kutokana na tofauti ya zile mbili, mojawapo ikiwa ya mitetemo kama 35 kwa sekunde, ambayo hakuna uzi wowote wa gitaa uliopigwa kuitoa. Mvumo huo kifua huupokea pamoja na sikio. Spika ya simu, iliyo ndogo kama kucha, haina nguvu ya kusukuma hewa kwa kiasi hicho, na kwa sababu hiyo kijana wangu alikuwa amesikia mifupa bila nyama.

Mwendo wa polepole nao una kazi yake, kwani mvumo wa chini wahitaji nafasi ya kukua na kufa kabla haujafuatwa na mwingine. Wasukuma wa huku kwetu hawana haja ya kufunzwa jambo hili: mwenye kwenda Bujora, pale Kisesa, zilikohifadhiwa ngoma za kitemi, ataona kuwa ngozi pana iliyowambwa juu ya mzinga mkubwa hutoa sauti ambayo mpigaji akiiharakisha ataivuruga.

Wala isidhaniwe kuwa muongo ule wa roki nzito ulitupita sisi. Dar es Salaam, ambako muziki wa soul ulipigwa marufuku Novemba 1969, ilipata mwaka uliofuata kundi la Sunburst, ambalo gitaa lake la umeme lilichanganyika na ngoma na mahadhi ya Kiafrika. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kanda zikawa zikipelekwa Nairobi hadi mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977. Na Sunburst santuri yao ndefu, Ave Africa, waliitolea Zambia mwaka 1976. Ave Africa si duumu, kwa maana ina wepesi na furaha; lakini mwaka ule ule, katika nchi ile ile, Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family walitoa Day of Judgement, yaani Siku ya Hukumu, ya watu watatu tu na gitaa linalogwaruza mwanzo hadi mwisho, nayo naihesabu kuwa santuri ya Kiafrika iliyo karibu mno na kazi ya Iommi. Na miaka mingi baadaye, ng'ambo ya ziwa hili hili, Kampala ilizaa kundi la Vale of Amonition, lililopiga duumu yenyewe.

Ave Africa ilikaa takriban miaka 40 kabla ya kutolewa upya na kampuni ya Strut ya London. Kwa hiyo ewe msomaji, ukiwa na santuri za miaka ya sabini katika sanduku la marehemu babu au mjomba, usizitupe wala usizilaze moja juu ya nyingine: zisimamishe wima, mbali na jua na vumbi, na siku utakapopata mashine ya kuzipigia, tafuta na spika kubwa.