Jiwe la Tabaka na jina la mchongaji

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo nimeifunza darasani kwa miaka mingi, na nimeisahihisha katika insha zisizo na idadi. Hata hivyo, sina budi kukiri leo mbele ya wasomaji kwamba niliwahi kumwadhibu mwanafunzi ambaye kosa lake lilikuwa kutokataa kwao.

Kijana huyo alikuwa katika kidato cha pili, nami nikifunza Kiswahili katika shule moja ya Kisii ambayo sitaitaja. Kila Jumatatu alifika akiwa na vumbi jeupe viganjani na kwenye mikono ya sweta. Mara ya kwanza na ya pili nilimkemea kwa uchafu. Mara ya tatu nilimpokonya kijisanamu alichokuwa akikichonga kwa wembe chini ya dawati, nikamwamuru asirudi bila mzazi. Kesho yake alikuja na babu yake, mzee mwenye mkongojo mkononi na mkoba begani.

"Bwakire, mwalimu," alinisalimu kwa Ekegusii, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha taratibu. "Nimeambiwa mjukuu wangu amekukosea kwa ajili ya jiwe."

"Ndiyo, mzee. Anachonga wakati wa masomo."

"Hapo amekosa, na nyumbani nimemwonya. Lakini nikuulize, mwalimu: karo anayoleta hapa, wadhani imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mzee alitoa bakuli dogo la mawe ndani ya mkoba, akaliweka mezani pangu. "Hili ni lako," akasema. "Mfunze mtoto kitabu. Usimfunze tu kulionea haya jiwe."

Maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya.

Msafiri aiachaye barabara kuu iendayo Migori na kupinda kuelekea Tabaka, katika eneo la Mugirango Kusini, huona vumbi jeupe kabla ya kuona jiwe lenyewe. Vumbi limetanda kandokando ya njia, juu ya majani ya migomba na kwenye nguo za watu. Jiwe hilo watu huliita jiwe la sabuni kwa sababu ya ulaini na utelezi wake. Huchimbwa kwa nguvu za mikono kwa kutumia sururu na mitaimbo. Liko jeupe, liko la rangi ya waridi, na liko la kijivu. Aghalabu wanaume ndio wachongao kwa panga, patasi na visu, na wanawake ndio walisuguao kwa msasa na maji hadi ling'are, kisha likapakwa nta. Tangu zamani Abagusii walilitumia kwa vyombo vya nyumbani, na unga wake mweupe walijipaka mwilini katika sherehe.

Baadaye soko la wageni lilifika, na hapo ndipo ulimwengu wa pili ulipoingia katika karakana za Tabaka. Mgeni aliyetoka kuitazama Maasai Mara hutaka twiga, kifaru na kiboko wa kuweka kabatini kwake. Basi vijana waliokulia katika vilima vya migomba na majani chai wakawa wanachonga wanyama ambao wengi wao hawajawahi kuwaona ila vitabuni. Siwalaumu hata kidogo, maana mwenye njaa hachagui wa kumwuzia. Lakini mkono unaochonga twiga mmoja mara elfu moja, kwa kipimo alichokiweka mnunuzi, hatimaye husahau kwamba uliwahi kuwa na jambo lake la kusema.

Je, msanii aliyesimama kati ya tamaduni mbili hana njia nyingine ila kuimeza moja na kuitema ya pili? Jibu tunalo papa hapa nyumbani, katika maisha ya Elkana Ong'esa.

Ong'esa alizaliwa Tabaka mwaka wa 1944, katika jamii iliyojua jiwe. Alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere, na baadaye akaenda hadi Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada. Kwa vipimo vyetu vya kawaida, huyo ni mtu aliyekwisha kufaulu, na aliyefaulu hutarajiwa kuyapa kisogo mambo ya kijijini. Yeye alirudi kwenye jiwe la kwao. Sanamu yake ya Ndege wa Amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, mahali ambapo kazi za mabingwa kama Picasso na Henry Moore zimehifadhiwa. Mwaka wa 2014, Kenya ilipoalikwa pamoja na China katika tamasha la utamaduni la Smithsonian mjini Washington, Ong'esa alikuwa miongoni mwa mafundi waliotuwakilisha.

Hebu tutafakari jambo hilo. Makerere ilimpa lugha ya kuizungumzia kazi yake mbele ya wasomi, na ugenini alijifunza jinsi walimwengu wanavyoitazama sanaa. Hata hivyo, hakuna chuo kilichomfunza namna jiwe linavyojibu patasi. Elimu hiyo aliipata Tabaka kabla ya vyeti vyote. Kama angeikosa elimu ya kwanza, ile ya pili ingemfanya mwigaji wa Wazungu. Kama angeikosa ya pili, huenda angekuwa fundi hodari asiyejulikana ng'ambo ya kilima.

Tena si yeye wa kwanza kuipita njia hiyo. Mkenya mwenzetu Gregory Maloba alifunzwa Makerere na Bi. Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho katika miaka ya 1930, akaja kuwa mwalimu katika chuo hicho hicho. Ndiye aliyeiunda sanamu ya uhuru wa Uganda iliyosimamishwa Kampala mwaka wa 1962. Mbinu alizifunzwa na mgeni, lakini mama yule anayemwinua mtoto wake juu ni wetu kabisa.

Sasa nirejee kwenye jambo linaloniuma. Sanamu za Kisii zimeenea ulimwenguni. Unaweza kuzikuta katika maduka ya Ulaya na Marekani zikiwa na kijikaratasi kinachotaja Kenya na bei. Chunguza chini ya sanamu uone kama utapata jina la aliyeichonga. Mara nyingi hutalipata. Zamani bakuli halikuhitaji jina, kwa kuwa mtumiaji alimjua fundi na nyumba yake. Leo bakuli limevuka bahari, na anayelinunua hamjui mtu. Palipo na jina, mnunuzi huitafuta kazi nyingine ya mkono ule ule na kuilipia ipasavyo. Pasipo na jina, sanamu huwa bidhaa kama gunia la mkaa, na bei hupangwa na mwenye gari la kubebea. Tofauti kati ya Ong'esa na mamia ya mafundi wa Tabaka haimo katika kipawa pekee, imo pia katika elimu iliyomwezesha kusema, "Hii ni kazi yangu."

Walimu wenzangu, hapo ndipo tunapoingia sisi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Sanaa na Ufundi lilikuwa somo katika shule za msingi. Baadaye likaondolewa kwenye mtihani, na sote twajua kwamba somo lisilotahiniwa hugeuzwa kipindi cha hisabati. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeirudisha sanaa na kuipa mkondo wake katika sekondari ya juu. Lakini mtaala ni karatasi. Tukiendelea kuupeleka mkondo huo wale tuliowaona hawafai kwingineko, tutakuwa tumemfukuza tena kijana yule mwenye vumbi kwenye sweta.

Nanyi wanafunzi, someni kwa bidii, mkasafiri mkipata nafasi. Mkirudi, au hata msiporudi, msiuache nyuma ujuzi mliofunzwa na wazee wenu. Na kila mnachokiunda, kiandikeni jina.

Lile bakuli bado liko mezani pangu. Natilia chaki ndani yake. Juzi nililigeuza kwa mara ya kwanza, nikatazama chini. Hapakuwa na jina. Mzee yule alifika ofisini kwangu, akanipa kazi ya mikono yake, akaondoka. Nami, mwalimu wa lugha, sikukumbuka kumwuliza anaitwa nani.