Bao, Karata na Dadu: Hukumu ya Michezo ya Wakati wa Mapumziko

Sifa zote njema ni za Allah Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Maimamu na wanafunzi wa Upanga na Kariakoo wametuuliza mara kwa mara kuhusu michezo ambayo Waislamu hujiliwaza nayo baada ya kazi: bao na drafti kwenye mabaraza ya kahawa ya Kariakoo, keram kwenye veranda za Upanga, karata, dhumna, ludo ya watoto, na siku hizi mikeka ya mpira kwenye simu. Wapo wanaosema yote ni haramu kwa kuwa ni upuuzi, na wapo wanaosema yote ni halali kwa kuwa ni mazoea ya wazee. Kauli zote mbili zimepwaya, kwa sababu mafakihi wetu hawakuhukumu mchezo kwa ukongwe wake wala kwa sura yake. Waliuliza mambo matatu: mchezo unategemea nini, una dau ndani yake, na unamshughulisha mtu na wajibu gani?

Faragha ni neema yenye hesabu

Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (r.a.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametaja neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake, nazo ni afya na faragha. Kwa hiyo, wakati usio na kazi ni mtaji, na mwenye mtaji ataulizwa aliufanyia nini.

Lakini dini hii haikuja kuziba pumzi za watu. Hanzala (r.a.) alipolalamika kwamba akiwa mbele ya Mtume moyo wake humkumbuka Allah, na akirudi kwa mke na watoto husahau, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Hadithi hiyo ameipokea Muslim. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) ili aweze kuwatazama. Basi asili ya kujiliwaza haina lawama.

Fikra au bahati?

Mchezo uliokatazwa kwa jina lake katika Sunna ni nardi, mchezo wa Kiajemi unaochezwa kwa kurusha dadu. Muslim amepokea kutoka kwa Burayda (r.a.) kwamba mwenye kuucheza amefananishwa na aliyechovya mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Kwa Hadithi hii na mfano wake, kauli sahihi katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kuwa nardi ni haramu, hata bila ya dau. Ama sataranji, madhehebu matatu mengine yameikataza, na sisi Mashafi twaihesabu kuwa ni makuruhu. Imepokewa kwamba Said bin Jubayr, katika wakubwa wa Tabiina, alikuwa akiicheza akiwa ameipa mgongo.

Kwa nini michezo miwili itofautishwe hivyo? Imamu Rafii, aliyefariki mwaka 623 H (1226), alitoa kipimo, na Imamu Nawawi akakinukuu katika Rawdat al-Talibin: mchezo unaosimama juu ya kinachotolewa na dadu hukumu yake ni ya nardi, na unaosimama juu ya kufikiri hukumu yake ni ya sataranji.

Msomaji wa Pwani na azingatie kwamba kipimo hiki kilitolewa katika mas-ala ya mchezo ulio ndugu wa bao letu. Mafakihi waliuita *hazza*. Al-Khatib al-Shirbini, aliyefariki mwaka 977 H (1570), ameueleza katika Mughni al-Muhtaj kuwa ni kipande cha mti kilichochimbwa mashimo ya safu tatu na kutiwa vijiwe, na kwamba Misri uliitwa *minqala*. Akataja pia maelezo mengine ya mashimo 28, yaani 14 kila upande. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na si lile lile hasa. Lakini hakuna dadu ndani yake. Anayenamua na anayecheza mtaji wote huona kete zote, na anayefungwa hufungwa kwa hesabu. Kwa hiyo bao lenyewe si haramu. Linaingia katika hukumu ya sataranji.

Dau la kahawa

Hapa ndipo pana hatari, na wengi hawaioni. Katika Sura al-Maida, aya ya 90 na 91, Allah ameiweka kamari pamoja na ulevi, na akabainisha kuwa Shetani huitumia kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na kumdhukuru Allah na swala. Mafakihi wakasema: mali ikiwekwa kutoka pande zote mbili, ikawa kila mmoja yuko baina ya kupata na kupata hasara, hiyo ni kamari, na uchache wake hauibadilishi.

Sasa watu wa baraza huwekeana sharti kwamba atakayefungwa atanunua kahawa na kashata. Wanasema ni utani tu. Kifikihi, kila mmoja wao ameweka dau, na mchezo uliokuwa makuruhu umekuwa haramu. Tiba yake ni nyepesi. Mmoja wao awanunulie wenzake kwa ukarimu, afunge au afungwe, na isiwepo sharti. Hapo kahawa ni hisani. Tena Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwenye kumwambia mwenzake tu "njoo tucheze kamari" ameamrishwa atoe sadaka. Ikiwa neno lina kafara, je, tendo?

Mikeka ya simu haina hata utata huu. Mtu hutoa pesa yake juu ya matokeo asiyoyamiliki. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeipa shughuli hii leseni nchini, lakini leseni haihalalishi alichokiharamisha Allah.

Swala na ushahidi

Swali la tatu ni la wajibu. Imamu Nawawi ametaja kuwa mtu akizama katika sataranji hadi wakati wa swala ukatoka bila ya kukusudia, na jambo hilo likamkariri, huwa fasiki na ushahidi wake hurudishwa. Na mwenye kucheza kwa dau la pande mbili ushahidi wake nao hurudishwa.

Hili si jambo la vitabuni tu. Katika mitaa yetu, ndoa inapofungwa na shahidi mmoja akakosekana, huitwa mzee aliye jirani, na mara nyingi huyo ni mzee wa barazani. Katika madhehebu yetu nikaha husimama juu ya walii na mashahidi wawili waadilifu. Twatosheka na uadilifu wa dhahiri, hatupekui siri za watu. Lakini anayecheza kwa dau hadharani kila alasiri ameifichua siri yake mwenyewe. Dau la kikombe cha kahawa laweza kuigusa ndoa ya binti wa jirani.

Mpira nao upimwe hivyo. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zote zina makao yao Kariakoo, na kuzishabikia kwenyewe si dhambi. Lakini mechi inayoanza saa 11 jioni humalizika Magharibi ikiwa imekwisha kuingia, na wakati wa Magharibi ni takriban saa moja tu, hadi wekundu wa machweo upotee. Mwenye kwenda uwanjani na ajipange mapema ataswali wapi.

Michezo iliyobaki

Drafti haina bahati ndani yake, basi ni kama bao. Keram hutegemea ustadi wa kidole na jicho, nasi twaikisia hapo hapo. Karata, wafafanuzi wa baadaye wa madhehebu wameitaja kwa jina la *kanjafa*, wakaiweka upande wa kubahatisha uliokatazwa. Dhumna ina bahati katika kugawana na hesabu katika kucheza, na kuiacha ni salama zaidi. Ama ludo, ni dadu tupu. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioilegeza ikiwa haina dau, lakini kwa kipimo cha Imamu Rafii iko karibu na nardi kuliko bao. Basi imamu anayewakaripia wazee wa bao, ilhali wanawe wanarusha dadu sebuleni, na aanze nyumbani.

Twawausia maimamu wasiwafukuze wazee hawa. Mabaraza mengi yako hatua chache kutoka msikitini. Imamu akipita kabla ya adhana, akawasalimu, akawaeleza mas-ala ya dau kwa upole, huenda akawakuta safu ya kwanza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.