Kuteleza kwa Sanaa Pasipo Barafu

Mji wa Dodoma uko katika uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, wala maji ya huko hayagandi. Je, mwanafunzi wa Dodoma aweza kujifunza sanaa ya kuteleza iliyozaliwa katika nchi za barafu? Naam, kwa viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa katika mstari mmoja.

Viatu vya namna hiyo vilipewa hataza mjini Paris mwaka 1819, kwa jina la Petitbled. Magurudumu yote yaligusa sakafu kwa pamoja, hivyo kugeuka kulikuwa kazi ngumu. Katika viatu vya sanaa vya leo, magurudumu ya kati hushuka kidogo kuliko ya mwisho, mfano wa ukingo wa upinde. Gurudumu moja au mawili tu hubeba uzito, na mchezaji hugeuka kwa wepesi.

Azungukapo, akikunja mikono kifuani kasi huongezeka. Ukinzani wa mwili dhidi ya kuzunguka hutegemea uzito na umbali wake kutoka kwenye mhimili. Ukipungua hadi nusu, mizunguko 2 kwa sekunde huwa 4. Jaribio: keti juu ya kiti kizungukacho, nyosha mikono yenye vitabu, uzungushwe taratibu, kisha ikunje.

Adui wa Dodoma ni vumbi la kiangazi. Mchanga uingiapo katika beringi husaga gololi, na gurudumu likikwama ghafla mchezaji huanguka. Basi sakafu ifagiliwe, na beringi zisafishwe na kutiwa mafuta.