Faili Lako la CRB Lisome Kabla ya Benki

Nchini Kenya, CRB, yaani taasisi ya taarifa za mikopo, imegeuka jina la adhabu. Watu husema fulani “ameorodheshwa” kana kwamba humo mnatunzwa majina ya wakosaji peke yao. Lakini tangu kanuni za CRB za 2013, benki hupeleka habari za mikopo yote, inayolipwa vyema na isiyolipwa, kwa taasisi zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Aliyewahi kukopa ana faili, hata kama hajachelewesha shilingi moja. Ndiyo maana ni kosa kungoja mpaka unyimwe mkopo, au mwajiri adai cheti cha CRB, ndipo uulize faili limeandikwa nini.

Sheria inakupa nakala moja ya ripoti kila mwaka bila malipo. Unaiomba kwa nambari ya kitambulisho, kupitia tovuti au programu ya simu ya taasisi yenyewe. Usiichanganye na cheti. Cheti husema tu kwamba huna deni lililokwama, ilhali ripoti hutaja kila mkopo, aliyeutoa, kiasi kilichobaki na siku ulizochelewa. Wengi hukimbilia alama, ambayo kwa Metropol huanzia 200 hadi 900. Mimi naona alama isomwe mwisho, kwa sababu hutokana na yaliyoandikwa katika faili. Ukikuta mkopo uliokwisha kuulipa bado uko wazi, au usioujua kabisa, lalamika kwa maandishi, uambatishe risiti. Taasisi inawajibika kumuuliza mkopeshaji na kurekebisha kosa.

Atakayesema “mimi sina mkopo wa benki” akumbuke mikopo ya simu ya M-Shwari, iliyoanza 2012, na Fuliza, iliyoanza 2019: hayo nayo ni madeni ya benki, hata yakiwa ya mamia machache. Wapo wanaodai kwamba benki hutazama mshahara tu. Dai hilo lilidhoofika Novemba 2019, ukomo wa riba ulipoondolewa. Tangu hapo benki zimerudi kupanga riba kulingana na hatari ya kila mteja, na kosa katika faili laweza kukugharimu kila mwezi bila wewe kujua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfumo wenyewe umewaumiza wanyonge. Ni kweli, na serikali ilikiri kwa vitendo: 2020 ilizuia madeni yasiyofika shilingi 1,000 kuorodheshwa, na mwishoni mwa 2022 benki zikaruhusiwa kusamehe nusu ya mikopo midogo ya simu iliyokwama. Nafuu hiyo, hata hivyo, ilihusu madeni ya kweli. Deni la uongo halifutwi na msamaha. Lafutwa na mwenye jina akilikana. Mkopeshaji hutakiwa kukuarifu siku 30 kabla ya kukuorodhesha, na taarifa hiyo huenda kwenye nambari yako ya simu aliyo nayo. Kama ulibadilisha laini, siku hizo zitapita kimya, na ripoti ndiyo itakayokuonyesha.