Nora na Mkopo wa Kausha Damu

Nyuma ya malori na makontena, Kurasini ya Temeke, Dar es Salaam, ina maisha yake ya uani. Huko yuko mama aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, bila mumewe kujua. Siku ya marejesho simu ikiita, anatoka nje kuipokea. Akiulizwa ni nani, anajibu ni mtu wa kikoba. Kinachomnyima usingizi ni karatasi moja yenye saini, iliyolala kwenye droo ya mkopeshaji.

Mama huyo yuko jukwaani tangu mwaka 1879. Anaitwa Nora, naye ni mhusika mkuu wa Et dukkehjem, yaani Nyumba ya Mwanasesere, tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norwei. Mumewe Nora aliugua, na madaktari wakamwambia mke kwa siri kwamba mgonjwa asipopelekwa kwenye nchi ya joto, hatapona. Enzi hizo mke hakuruhusiwa kukopa bila ridhaa ya mume. Nora akakopa kimyakimya, na pale palipotakiwa saini ya baba yake kama mdhamini, akaiweka yeye mwenyewe. Mume akapelekwa Italia, akapona, na mke akawa analipa kidogokidogo kwa fedha anazobana kwenye matumizi ya nyumbani.

Kilichomponza ni tarehe. Baba yake alifariki tarehe 29 Septemba, lakini saini ilionyesha tarehe 2 Oktoba. Marehemu alikuwa amesaini siku tatu baada ya kufa! Mkopeshaji aliligundua hilo akanyamaza, hadi siku alipoona anafukuzwa kazi kwenye benki ambayo mume wa Nora amekabidhiwa kuiongoza. Hapo akaitoa karatasi yake.

Siri ilipofumuka, mume hakuuliza mkewe aliteseka vipi. Aliwaza jina lake litasemwaje mjini. Karatasi iliporudishwa na hatari ikapita, akatangaza msamaha, kana kwamba mambo yamekwisha. Kwa Nora ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Akamrudishia mume pete, akawaacha watoto watatu, akatoka na mlango ukafungwa nyuma yake.

Tamthilia hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879, na mlango ule ukaitikisa Ulaya. Ujerumani mwigizaji mmoja mashuhuri aligoma, akasema yeye hawezi kuwaacha watoto wake. Ibsen akaogopa wengine wasije wakamharibia kazi, akaandika mwenyewe mwisho wa pili ambamo Nora anabaki, huku akiuona kuwa ni unyama dhidi ya tamthilia yake.

Makelele yote hayo hayakutokea kwa bahati. Mwaka 1871 mhakiki wa Denmark, Georg Brandes, alitoa mihadhara Copenhagen akidai kwamba fasihi iliyo hai ni ile inayoyaleta matatizo ya watu barazani yajadiliwe. Waandishi wa Skandinavia, yaani Denmark, Norwei na Uswidi, wakaitikia. Nao hawakuwa wa sauti moja. August Strindberg wa Uswidi alichukizwa na Nora, akamjibu Ibsen mwaka 1884 kwa mkusanyiko wa hadithi fupi kuhusu ndoa, Giftas. Kitabu kikampeleka mahakamani kwa shtaka la kuikashifu dini, akaachiwa huru. Msomaji wa Kiswahili hapati shida kuielewa tabia hiyo ya kujibu kitabu kwa kitabu, kwa sababu washairi wa pwani yetu wamejibizana tangu enzi za Muyaka wa Mombasa: huyu anafunga fumbo, yule analifungua kwa ukali.

Hata falsafa ya Waskandinavia huja kwa sura ya hadithi. Søren Kierkegaard wa Denmark aliandika Frygt og Bæven, Hofu na Kutetemeka, mwaka 1843 akijificha nyuma ya jina la bandia. Kisa alichokichukua kinajulikana Temeke nzima, msikitini na kanisani: Ibrahimu ameamriwa amtoe mwanawe sadaka. Sisi huwa tunakimbilia kwenye kondoo, kisha tunashukuru. Kierkegaard anatulazimisha tutembee na mzee yule siku zote za safari. Alimwambia nini mtoto? Mkewe je? Na kama amri ile haiwezi kuelezeka kwa mtu yeyote, ataitetea vipi mbele ya jirani? Hoja yake ni kwamba yapo maamuzi ambayo mtu huyabeba peke yake, na jamii nzima haiwezi kumsaidia kuyabeba. Nora akiwa mlangoni yumo katika upweke wa namna hiyo, ingawa yeye haendi kutii amri yoyote.

Denmark hiyohiyo ilikuwa na sauti nyingine iliyotaka watu wafikiri pamoja. N.F.S. Grundtvig alikuwa mchungaji, mshairi na mtunzi wa nyimbo za kanisani. Aliamini katika neno lililo hai, neno la mdomo linalopita kati ya mwalimu na mwanafunzi, akapigania shule za watu wazima zenye nyimbo, hadithi na mazungumzo, zisizo na mitihani. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo likavuka hadi Uswidi, na kutoka Uswidi likatufikia sisi: kuanzia mwaka 1975 Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Waswidi. Ukitoka Kurasini ukapita Pugu hadi Kisarawe, utakikuta kimojawapo. Anayejifunza ushonaji au useremala pale ni mrithi wa mshairi ambaye huenda hajawahi kusikia jina lake.

Kurasini yenyewe ina urithi wake. Mwaka 1963 palianzishwa hapa Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Ureno, chini ya uongozi wa Janet Mondlane, mke wa kiongozi wa chama hicho, Eduardo Mondlane. Fedha za mwanzo zilitoka Ford Foundation ya Marekani, lakini Ureno ilipolalamika, mfereji ukafungwa. Nchi za kaskazini mwa Ulaya zikaingia, na serikali ya Uswidi ilianza kuchangia katikati ya miaka ya 1960.

Kwa nini Waswidi waliwajali vijana wa Msumbiji? Sehemu ya jibu ni vitabu. Mwandishi Per Wästberg alikwenda Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, mwaka 1959 kwa masomo, akafukuzwa kwa sababu ya aliyoyaandika. Mwaka 1960 akachapisha vitabu viwili, kimoja juu ya Rhodesia na kingine juu ya Afrika Kusini, na vikawa miongoni mwa vilivyowafumbua macho wananchi wenzake kuhusu utawala wa wazungu wachache. Alifanya kile alichokidai Brandes, ila safari hii baraza lilikuwa pana zaidi na matunda yake yalifika mpaka kwetu.

Wästberg aliingia Akademi ya Uswidi mwaka 1997. Ni akademi hiyo ambayo tarehe 7 Oktoba 2021 ilimtangaza Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994; Kiswahili kiliipata mwaka 2022, ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Miaka 28 kwa kitabu cha mwana wa pwani! Kurasini wanajua kwamba mzigo usio na wakala hulala bandarini. Wakala wa fasihi ni mtafsiri, na Ibsen mwenyewe, aliyeandika kwa lugha ya watu wachache, alifika mbali kwa migongo ya watafsiri.

Siku Nora atakapozungumza Kiswahili kwenye ukumbi wa Temeke, hakuna atakayehitaji kuelezwa habari za afisa mikopo. Kazi itakuwa pale mlango utakapofungwa. Nawasikia kina mama wa safu ya mbele: "Sasa watoto kamwachia nani?" Na wa safu ya nyuma wakijibu: "Mkopo si ulimponya huyo baba yao? Awalee!" Taa zitawaka, walinzi watataka kufunga ukumbi, na ubishi utatoka na watazamaji hadi kwenye daladala.