Je, deni la zamani laweza kumzuia mtu kupata kazi ya umma?

Mjini Busia, mpaka wa Kenya na Uganda ni hatua chache tu. Ndivyo ilivyo pia Malaba, katika wilaya ya Tororo. Watu huvuka asubuhi kuuza bidhaa na kurejea jioni. Lakini kijana wa mpakani anapoomba kazi ya serikali, kwa mfano katika forodha au uhamiaji, deni alilolisahau laweza kujitokeza mezani pa mwajiri.

Nchini Kenya, Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010 inawataka maafisa wa serikali wawe waadilifu. Kwa msingi huo, matangazo mengi ya kazi yamekuwa yakidai vyeti vitano: cha polisi wa upelelezi, cha Mamlaka ya Ushuru, cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na cha kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo, maarufu kama CRB.

Vyeti hivyo havipimi jambo moja. Cheti cha polisi hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, nacho huonyesha rekodi ya jinai. Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, si la jinai. Kwa hiyo deni huonekana katika kumbukumbu za CRB, au za Bodi ya Mikopo iwapo ni la masomo.

Hofu ya mwajiri ni rushwa: afisa anayekagua mizigo huku wadai wakimwandama ni rahisi kushawishiwa. Marekani nayo huchunguza madeni kabla ya kumruhusu mtu kuona siri za serikali. Hata hivyo, mwongozo wake ulioanza kutumika Juni 2017 huzingatia iwapo deni lilitokana na ugonjwa au kupoteza kazi, na iwapo mdaiwa amejitahidi kwa dhati kulipa.

Wakosoaji nchini Kenya huuliza: asiye na kazi atalipa kwa nini? Kanuni za mwaka 2020 zilimpunguzia mdaiwa mzigo kidogo. Deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliripotiwi CRB, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Mkopeshaji hutakiwa kumjulisha mdaiwa siku 30 kabla ya kuwasilisha jina lake, naye mdaiwa ana haki ya kupinga taarifa zisizo sahihi.

Wanaokopa pande zote mbili wakumbuke kwamba Uganda ina mfumo wake, ulio chini ya Benki Kuu ya nchi hiyo. Kulipa deni la Kenya hakufuti la Uganda.

Dawa ya deni ni kulipa. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo apatane na mkopeshaji kwa maandishi, atunze stakabadhi, na akague rekodi yake kabla nafasi za kazi hazijatangazwa.